Mahindi Yasiyoguswa na Viwavi

Jumapili, 24 Novemba 2024
Mvua imekolea Kakese. Shemeji Ngusa kaniletea kilo mbili za mbegu kwenye mfuko wa nailoni – hauna lebo! Anasema ni ile GMO, mbegu iliyobadilishwa vinasaba, viwavijeshi havigusi. Kaitoa wapi? Kacheka tu. Mwaka jana vilitutafunia shamba lote, tukala mihogo mpaka watoto wakanuna. Sumu haionjwi, sawa. Na njaa je?

Nimepanda robo ekari, kando ya mbegu ya mama. Yake aliachiwa na bibi, haijawahi kununuliwa dukani. Sijamwambia.

Alhamisi, 6 Februari 2025
Ya mama yametobolewa vibaya. Ya Ngusa – safi kabisa! Nafurahi, naogopa. Jirani Jeniffer anasema GMO inaua kizazi. Kaambiwa na nani, hakumbuki. Ngusa anasema uzushi. Mmoja wao ananidanganya. Au wote?

Jumanne, 11 Februari
Bwana shamba Melkiadi kapita. Nikamuuliza kijanja, eti shamba la rafiki. Kasema wakulima hatujaruhusiwa GMO. Ila bila maabara hata yeye hawezi kuitambua, huenda ni chotara tu. Kuila? Tafiti nyingi hazijaona madhara. Nikapumua.

Halafu kasema: kama kando kuna mbegu ya nyumbani, chavua imeshapeperuka, zimechanganyika.

Mungu wangu! Ning'oe? Yameshachanua. Ning'oe chakula cha watoto?

Jumamosi, 31 Mei
Robo ekari ya Ngusa, magunia manne. Ekari nzima ya mama, matatu. Niliyamwaga pamoja uani ili asiulize. Ujinga wangu!

Maana leo mama kakaa kwenye lundo kuchagua mbegu, kama kila mwaka: mahindi bora hufungwa kwa maganda yake, yakatundikwa juu ya jiko yapate moshi. Kachagua makubwa, yasiyo na tundu hata moja. Yote ya Ngusa, naapa. Akalia kwa furaha. "Recho mwanangu, ona! Mbegu ya bibi yako imeamka!"

Nimepanda kigoda, nimetundika mafungu mawili. Nimesingizia moshi, nimekimbilia chumbani kuandika. Labda si GMO. Labda ni GMO na haina neno. Lakini ya bibi iko wapi sasa?

Mama anaita. Anasema nishushe fungu la dada yangu Josephina, kesho linakwenda kwake Sitalike, naye apate mbegu ya kwao.

Nimeitika.