Fimbo Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Kurasa sita tena. Koo limekauka. Mimi sebuleni, Tata chumbani kwake kitandani, Mama kando yake, ukuta katikati yetu. Mwana wa kiume aliyetahiriwa haingii chumba cha baba yake, hata baba akiwa amevunjika nyonga. Ndiyo chinsoni, heshima yetu. Basi napaza sauti kama mnadi. Kitabu ni cha Kiswahili, masikio yake ya Ekegusii. Natafsiri nikienda. Nikinyamaza, anagonga ukuta kwa fimbo. Maana yake: endelea.

Jumatano, 5 Machi

Mhariri amepiga simu kutoka Nairobi. Riwaya ya nne hawaitaki. Eti wasomaji wamechoka na mambo ya kale na watu wanaogeuka chui. Wanataka vitabu vya kufaulu mtihani.

Mimi pia nimechoka. Miaka yote hii, katika maduka ya vitabu mjini Kisii, nimekaa rafu ya chini kati ya atlasi na vitabu vya marudio. Nimeamua. Hiki cha tatu, ninachomsomea Tata, ndicho cha mwisho. Sijamwambia mtu.

Ila nataka Tata akisikie chote. Neno lake la pekee kuhusu kazi yangu lilikuwa ombi kanisani, Sabato moja, mbele ya watu wote, kwamba Mungu anitoe kwenye mizimu. Nangoja neno jingine. Mzee mzima wa mvi, na bado nangoja.

Ijumaa, 7 Machi

Sura ya saba. Nilijua itafika. Malkia wangu, anayesuka ukungu kufunika ukingo wa vilima vya Manga ili maadui wasituone, anamkaribisha mpenzi wake. Niliandika kurasa nne bila aibu. Mhariri alizisifu sana.

Leo nimefungua mdomo, maneno yakakwama. Hayo hayasemwi baba na mama wakisikia. Nikaruka. Kufika sura ya nane, malkia ana mimba.

Ko, ko, ko!

"Hiyo mimba imetoka wapi?" Tata akauliza.

Nikasema ni uchawi. Uongo mtupu. Mwandishi gani huyu anayekiogopa kitabu chake mwenyewe?

Jumapili, 9 Machi

Jana Sabato, hatukusoma. Leo binti yangu Bosibori amekuja kutoka chuoni. Nikampa kitabu, nikamwonyesha sura. Mjukuu na babu hawana chinsoni. Hao hutaniana wapendavyo.

"Woi! Daddy, hii ni wewe uliandika?"

Akaingia, akafunga mlango. Nikakimbilia kwenye majani chai, nikachuma bila kuangalia ninachochuma. Hata huko kicheko kilinifikia. Cha Tata, kisha cha Mama. Sikumbuki mara ya mwisho kuvisikia pamoja.

Bosibori alipotoka nikamuuliza babu yake amesema nini.

"Amesema nirudie. Nimerudia."

"Basi?"

"Na ati hapa hatukuwahi kuwa na malkia. Hiyo utoe."

Nimekasirika jioni nzima. Lakini Tata amesema kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Bosibori amerudi chuoni. Ukungu umekaa Manga tangu asubuhi. Nimesoma sura ya mwisho. Ukungu unafumuliwa, watu wanarudi mashambani. Nikafunga kitabu, nikangoja.

"Tata, kimeisha."

Ko, ko.

"Kimeisha, Tata. Hakuna kingine."

Ko, ko. Polepole safari hii.

Nikakitazama kitabu kilichofungwa. Mwili wote umechoka. Kisha nikamwambia kwamba siku moja, watu wakishalima, yule mwanamke aliamka akakuta uzi mmoja wa ukungu umebaki kidoleni mwake. Sikumwita malkia. Uzi huo haumo kitabuni, sijui nimeutoa wapi. Mama akaleta uji, akaniwekea mezani, akarudi chumbani kusikiliza. Niliunywa umepoa.