Uzio wa Kaburi la Masoud

S.L.P. 417,
Usagara, Tanga.
14 Februari 2024

Mpendwa ndugu yangu Idarusi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa heshima inayostahiki baina ya watoto wa ndugu wawili, nikitaraji kwamba baridi ya Norwei haijakudhuru kifua. Mimi ni mzima, ila macho yamepungua nguvu. Dada yetu Mwamvua si mzima, na hiyo ndiyo sababu ya waraka huu.

Tangu ulipomzika mwanawe Masoud huko mwezi wa Novemba, amekuwa akitaka kuijua nchi iliyomchukua. Nami, kwa kuwa watu hunijia niwaandikie maombi ya mabaraza na mahakama, niliona haya kusema sijui. Nikatafuta vitabu, nikapata vitatu: cha jiografia ya shule, cha safari za nchi za baridi, na cha tiba ya mifugo alichoniazima Mzee Kristofa wa Pongwe, aliyekuwa bwana mifugo. Vyote vinamtaja kulungu wa theluji, yule mnyama mwenye pembe kama matawi anayefugwa huko kwenu.

Mwanzo alifarijika. Niliposoma kwamba maziwa yake ni mazito, alisema, "Basi mwanangu hakulala njaa."

Kosa ni langu. Kitabu cha mifugo kinaeleza kuwa wakati wa baridi ukingo wa kwato hubaki mkali, mnyama akafukua theluji kutafuta malisho.

"Wanafukua mpaka wapi?" akauliza.

Nami, kwa kupenda kuonekana msomi, nikajibu, "Mpaka waifikie ardhi, dada."

Akauliza tena, "Na Idarusi aliweka miiba?"

Hujasahau mbuzi wa Pangani walivyolivuruga kaburi la mumewe, hata tukalizungushia miiba mpaka udongo uliposhika. Nilimweleza kwamba kulungu hutafuta malisho, hana haja na maiti. Akanijibu, "Na mbuzi alikuwa akitafuta nini?"

Tangu siku ile hali chakula. Hunywa uji vijiko viwili au vitatu, akageukia ukutani. Mwili umekwisha, nguo zinamning'inia.

Kwa hiyo nakuomba, kwa unyenyekevu wote, ufike makaburini kabla ya mwezi huu kwisha. Weka uzio, uwe wa mbao au wa waya. Ukikuta pamefukuliwa, fukia kwanza, ndipo uandike. Jibu kwa karatasi, kwani neno la simu yeye huliita upepo.

Wala usinitungie habari njema isiyokuwapo. Jana nilipomsomea niliuruka ukurasa unaosimulia barafu inavyofunga malisho, makundi yakafa kwa njaa. Hajui kusoma, lakini masikio yake yapo. "Umefunua karatasi mbili kwa pamoja, Uweso," alisema. Miaka yote najisifu kwamba kalamu yangu haijaandika uongo.

Hafsa na Rahimu wa hapa nyumbani wanakusalimu sana, na Mzee Kristofa anakupa pole ya msiba. Mola akulinde, aithibitishe miguu yako juu ya barafu.

Mwamvua hakutuma salamu. Amesema atazitoa siku nitakapomsomea kwamba uzio umesimama.

Nduguyo, ambaye umbali haujampunguzia mapenzi juu yako,
Uweso Sabiri