Mwalimu Niliyemficha

Jumatano, 1947

Nimefaulu mtihani wa Kiingereza, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Bwana mkubwa wa ofisi yetu ya Mbaraki ameisoma mara mbili barua niliyoiandika mtihanini, akasema mwezi ujao nitakuwa karani wa barua, si wa kupokea mizigo tena.

Vile vineno vidogo vya Kizungu ndivyo vilivyokuwa vikiniangusha. Sisi twasema "mezani" ikatosha. Wao wataka kujua ni juu, ndani au chini. Mke wangu hakuingia shule hata siku moja. Kusoma na Kiingereza alivipata kwa kumwangalia na kumsikiliza nduguye akidurusu. Usiku mmoja alichukua kijaluba, kile kikopo chake cha tambuu, na popoo moja, kokwa itafunwayo na tambuu. Akaitia ndani: "in". Akaiweka juu ya kifuniko: "on". Akaisukuma chini yake: "under".

"Usikariri, baba Athmani," akaniambia. "Tazama popoo iko wapi."

Leo mtihanini nimeiona mikono yake mwanzo hadi mwisho.

Kisha bwana mkubwa akaniuliza, mbele ya makarani wote, ni nani aliyenifundisha. Kwetu mtu hamtaji mkewe mbele ya wanaume. Lakini ningeweza kunyamaza tu. Nikasema, "Nimejifundisha mwenyewe." Wakanipigia makofi.

Nyumbani amenipokea kwa vigelegele, na mimi sikuweza kumkiria ule uongo wa ofisini...

Basi naandika hapa: amenifundisha Zuhura binti Salim. Na daftari hili leo silifungii ndani ya kasha. Naliacha wazi, juu ya kijaluba chake.