Lipiko la Kabati la Mwisho

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Treni kutoka Laurel, ninakoishi, ilichelewa tena. Nimesimama njia nzima. Kazini makumbusho, vikapu. Trei ya nne: toa vumbi kwa brashi laini, piga picha, andika namba, rudisha. Glavu zinanibana vidole.

Mwaka wa pili huu na bado nina mkataba wa miezi sita sita. Shahada yangu ya pili imetundikwa ukutani, karibu na kalenda ya parokia. Wanjiru, ninayeishi naye, anasema ule msumari ungefaa zaidi kwa taulo.

Kabati la mwisho bado sijalifungua. Mle mna lipiko. Ni kinyago cha kichwa kizima, ambacho wanaume wa kwetu huvaa wakicheza vijana wanapotoka jandoni. Mwanamke wa Kimakonde haligusi. Hatakiwi hata kuliona likiwa halina mtu ndani. Likihitajika, Greg, mwenzangu wa idara, ndiye anayelitoa. Nimemwambia mgongo unaniuma na droo ni nzito. Uongo wa kijinga. Nimesoma miaka yote hii nije kuogopa kabati.

Alhamisi, 11 Septemba

Niandike taratibu.

Dokta Helen, mkuu wa idara, ameniita. Makumbusho yatatoa chumba kidogo cha chini kwa maonyesho yatakayosimamiwa na watu wa asili ya vitu vyenyewe, pamoja na wasanii wa asili hiyo wanaoishi hapa mjini na vitongojini. Wa kwanza ni Wamakonde. Msimamizi ni mimi. Nichague vitu, niviandikie maneno, jina langu liwe ukutani. Yakienda vizuri, nitapewa kazi ya kudumu. Amesema hivyo waziwazi, mlango ukiwa wazi.

Akauliza kama namjua mchongaji yeyote hapa. Namjua! Mjomba Anselmi, kaka wa mama, yuko huku huku ughaibuni, Springfield.

Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu. Nina furaha. Naliandika hili neno kwa sababu silitumii mara nyingi.

Jumamosi, 13 Septemba

Springfield. Mjomba alikuwa kwenye baraza ya ghorofa ya tatu, amekunja taulo mbili chini ya gogo ili jirani wa chini asilalamikie kishindo cha tezo. Siku za juma yuko kwenye kibanda cha kupokea malipo cha gereji ya kuegesha magari, mjini. Jumamosi ndiyo siku yake ya kuwa mtu.

Nilimwamkia nikamwambia yote. Alitabasamu mpaka alipouliza, "Na lipiko wanalo?"

"Wanalo, mjomba."

"Nani anayelishika?"

Nikainuka kupakua chakula. Tukala ugali na kisamvu cha kwenye friza. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Sisi mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba si ushauri. Bila ruhusa yake siwezi kulishika. Ningeweza kumficha. Sikutaka kuanza kwa kumficha.

Jumapili, 21 Septemba

Wiki nzima sikulala sawasawa. Leo amekuja Laurel baada ya misa, na suti ya kahawia. Alikaa kwenye kochi la Wanjiru kama hakimu.

Alisema amelifikiria. Kule nyumbani mapiko hukaa mpolo, kibanda cha wanaume porini, na hakuna anayepita pale asiyehusika. Hapa hakuna mpolo. Hapa lipo kwenye droo, limelala kama nguo iliyosahauliwa. Heri lishikwe na mtoto wa dada yake kuliko na watu wasiojua hata kulisalimia. Atakuja mwenyewe, atazungumza nalo kwanza, kisha nitakuwa huru.

"Lakini hili ni letu sisi wawili, mama," akasema. "Usilitie midomoni mwa watu. Usiliandike popote. Wazee wenzangu wakisikia nimemfunulia mwanamke, nitasema nini?"

Niliapa. (Najua naandika hapa. Daftari hili halina mdomo.)

Wanjiru alitoka jikoni na chai. "Mjomba, mbona umemkazia msichana macho hivyo? Kwani mnapanga harusi?" Mjomba akacheka hadi akapaliwa. Nampenda sana yule mzee.

Ijumaa, 26 Septemba

Mjomba alikuja makumbusho saa yake ya chakula, na sare ya gereji, jina lake limeshonwa kifuani. Alimwomba Greg atoke kidogo. Greg akatoka, akadhani tunataka kusali. Hakukosea sana.

Niligeukia ukuta. Nilisikia droo, kisha karatasi laini, kisha Kimakonde cha chini chini ambacho nilielewa nusu tu. Alilitajia majina ya wazee. Alilieleza habari zangu: huyu ni mtoto wa nani, ametokea wapi, anataka nini. Halafu akaniita.

Nililipokea kwa mikono miwili. Ni jepesi. Nilidhani litakuwa zito. Nywele za kichwani ni nywele kweli, za mtu. Chale za mashavuni ni nta, na moja imebanduka. Nilipoligeuza nikaona ndani: upande wa kidevu mbao imekuwa nyeusi kwa jasho. Mtu alipumua mle. Mtu wa kwetu, labda wa ukoo wetu, alipumua mle na kucheza, wanawake wakikimbia huku wakipiga vigelegele.

Nililia. Mjomba aliangalia saa, maana alikuwa amebakiza dakika kumi. Kabla ya kutoka akasema, "Haya. Sasa fanya kazi."

Jumanne, 30 Septemba

Nafanya kazi. Nimeshachagua vitu kumi na vinne, na vinyago vitano vya mpingo vya Mjomba. Kimoja ni mwanamke anayesuka nywele za mwenzake, na huyo mwenzake amesinzia. Nimeandika maneno ya ukutani mara tisa. Kwa mara ya kwanza hakuna mtu wa kuniuliza nimeyasoma kwenye kitabu gani.

Jumanne, 7 Oktoba

Fomu. Kila kitu kina fomu yake. Nyingine zote nilizimaliza kabla ya saa nne. Ya lipiko ikanikalisha hadi chakula cha mchana.

Swali la sita: je, kwa mila za wenyewe, kuna watu wasioruhusiwa kukigusa au kukiona kitu hiki?

Greg maswali kama hayo huyaacha wazi. Ningeweza kuliacha wazi. Lakini jalada la lipiko hili lina karatasi thelathini, zote za wageni, na hakuna hata moja yenye neno la kweli kuhusu mpolo. Karatasi moja inasema ni kofia. Mimi ni Mmakonde wa kwanza kuandika kwenye jalada hili. Siwezi kuanza na uongo.

Nikaandika: Ndiyo. Wanawake hawalishiki, wala hawalioni likiwa halijavaliwa.

Pakabaki nafasi ya mistari mitatu chini yake. Pale ndipo ningeandika habari ya Mjomba. Sikuandika. Nilikuwa nimeapa.

Nikatia saini. Nilijivunia. Nakiri, nilijivunia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Imekwisha.

Dokta Helen aliniketisha, akafunga mlango. Macho yake yalikuwa na machozi. Alisema fomu yangu imesomwa na kamati nzima ya maonyesho. Alisema, "Lina, umetufundisha kitu." Miaka yote makumbusho yamevunja miiko ya watu bila kujua. Sasa wanajua. Kuanzia leo hakuna mwanamke wa idara hii atakayeligusa lipiko. Hata yeye. Hata mimi. Na kwa kuwa lipiko ndilo kitu kikuu cha chumba, haiwezekani msimamizi awe mtu asiyeruhusiwa kulishika. Greg atasimamia. Mimi nitakuwa mshauri wake.

Nilisema nimepewa ruhusa. Ilinitoka tu. Akauliza na nani. Nikasema na mjomba wangu. Akafurahi kweli, akashika kalamu: mjomba aandike barua fupi, aeleze, atie saini, naye ataipeleka kwenye kamati Ijumaa.

Hana ubaya wowote. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia. Natamani angekuwa mbaya.

Jumatano, 22 Oktoba

Nilikwenda gerejini. Mjomba alikuwa ndani ya kibanda, magari yakipanda na kushuka mbele yake. Tulizungumza kupitia kidirisha, mimi nikirudi nyuma kila dereva alipofika.

Nilimwambia yote. Hakunigombeza kwa kuandika fomu. Alisema nilichoandika ni kweli.

"Basi andika na wewe, mjomba. Mistari miwili."

"Niandike nini? Kwamba mimi, Anselmi, nimemwonyesha mwanamke lipiko tupu? Nitie na saini?"

"Itakaa kwenye jalada tu. Nani atasoma?"

"Wewe umesoma karatasi thelathini za watu waliokufa. Unaniuliza nani atasoma?"

Nikasema kwa hasira kwamba atalishika Greg, ambaye hajapita jando, hajui hata Mtwara iko wapi.

"Greg hatumhesabu," akasema. "Greg ni kama meza. Unaweza kuliweka juu ya meza."

Dereva mmoja akapiga honi. Nilitaka kucheka, ikanijia kwikwi. Nikamwambia hivi, nayaandika ili nisijidanganye baadaye: kwamba amenipa kitu kwa mkono mmoja na kukiacha kiporwe kwa mwingine, na kwamba ameogopa wazee walio mbali kuliko alivyonipenda mimi niliye hapa.

Aliinamisha kichwa. Alimrudishia dereva chenji yake. Kisha akasema, "Nilichokupa nimekupa. Sina kingine, mama." Akaongeza kwamba kama mimi simo, na vinyago vyake atavichukua.

Niliondoka bila kuaga. Sijawahi kuondoka mbele ya mjomba bila kuaga.

Ijumaa, 24 Oktoba

Barua haikuwapo. Kamati imekaa dakika kumi.

Wanjiru alinikuta sakafuni, na koti. Nilimweleza habari ya fomu, si ile nyingine. Akasema, "Si ungeacha tu hapo wazi, manze? Hao wazungu wenyewe hawajui kitu." Kisha akaketi chini nami, na sare yake ya hospitali, akanivua viatu. Alikuwa ametoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo.

Sijui kama kuna mtu aliyefanya kosa. Nimewapitia mmoja mmoja. Mjomba yuko sawa. Helen yuko sawa, kwa jinsi anavyojua. Mimi niliandika ukweli na nikashika kiapo. Vyote viwili nilifundishwa na watu wanaonipenda. Na moyo umevunjika vilevile.

Jumapili, 2 Novemba

Springfield. Nilimwomba radhi Mjomba kwa goti. Alinishika bega kabla halijafika chini.

Nilimwomba asiondoe vinyago. Alikataa mara mbili. Nikamwambia amechonga barazani miaka saba na hakuna aliyeona ila jirani anayegonga dari kwa ufagio. Nikamwambia nikipoteza mimi peke yangu ni afadhali kuliko kupoteza wote. Aligeuzageuza kikombe hadi chai ikapoa. Akakubali. Nilitaka akubali. Alipokubali, kitu kikaanguka ndani yangu. Sikumwonyesha.

Jumatatu, 17 Novemba

Leo nilimfundisha Greg kulishika. Mshauri, ndiyo kazi yake.

Nilisimama hatua tatu nyuma, mikono nimeifumbata mgongoni, kama nilivyoagizwa. Yeye alilishika masikioni. Nikamwambia hapana, masikio yatakatika. Mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine kisogoni. Hakunielewa. Nikachukua boksi tupu la glavu nikamwonyesha kwa boksi. Akaiga. Akasema ni jepesi kuliko alivyodhani.

Nikasema ndiyo.

Akaniangalia. Akalirudisha kwenye karatasi zake, taratibu, vizuri. Ni kijana mwema. Ameniomba niyasahihishe maneno ya ukutani. Ni yangu yale yale, ameondoa sentensi mbili. Niliyasahihisha.

Alhamisi, 15 Januari 1998

Theluji. Trei ya ishirini na moja. Mkataba umeongezwa miezi sita. Nimetia saini bila kusoma.

Jumamosi, 7 Februari

Ufunguzi ulikuwa saa nane mchana. Watu wengi kuliko nilivyotarajia. Watanzania wa Herndon walikuja na watoto, wa ubalozi wawili, Wakenya wa Wanjiru wakiwa na kamera.

Lipiko liko katikati, ndani ya kioo, limewashiwa taa. Wanawake walilizunguka, wakainama, wakalitazama mpaka ndani. Hakuna aliyewazuia. Fomu yangu ilisema pia habari ya kuona, lakini chumba kisicho na lipiko kisingekuwa chumba. Niliwahi kumuuliza Helen hilo. Alisema kamati ilitafuta njia ya kati.

Mjomba alivaa suti ya kahawia na tai mpya. Alisimama karibu na wasusi wake wa mpingo tangu mwanzo hadi mwisho, akiwaeleza watu ni yupi amesinzia na kwa nini. Bibi mmoja mzee wa Kimarekani alimshika mkono, hakutaka kuuachia. Sijawahi kumwona Mjomba akiwa mrefu vile. Mara moja tu alinitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba tai imepinda. Akainyoosha.

Dokta Helen alitoa hotuba. Alimshukuru Greg, akamshukuru Mjomba. Kisha akalitaja jina langu lote, akawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyekuwa na ujasiri wa kusema ukweli, hata uliponigharimu. Wote wakanigeukia. Wakapiga makofi kwa muda mrefu, kwa upendo kabisa.

Nikapiga makofi nami.