Kwenda Malagarasi na Kaka Mathayo

Jumanne, 10 Juni. Urambo.

Mnyororo nimeshaupaka mafuta. Tyubu ya nyuma ina kiraka cha pili. Magoti yanauma. Tumetoka Tabora alfajiri, waendesha baiskeli kumi na wawili, gari la msaada nyuma yetu. Upepo wa uso kutwa nzima.

Kadi yangu iko salama, nimeishonea mfuko ndani ya koti. Ushonaji ndiyo kazi yangu, angalau hapo sina wasiwasi. Kila mmoja wetu ana kadi yenye jina la kaya iliyobomolewa na mafuriko ya mto Malagarasi. Mfanyabiashara mmoja wa Kanyenye, pale Tabora mjini, ameahidi bati za nyumba nzima kwa kila atakayefika huko kwa baiskeli. Asiyefika, kaya yake haipati. Ndivyo alivyotaka, na wote tulikubali kwa makofi.

Yangu ni ya Bibi Kalunde. Analea wajukuu wanne. Simjui. Ya Kaka Mathayo ni ya Nyamizi, binti yake mwenyewe, aliyeolewa kule.

Kaka hajala. Tumepewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, chakula anachokipenda kuliko vyote, akasukuma sahani. Amekaa pembeni anajisugua mkono wa kushoto. Anasema ni upepo. Ana miaka hamsini na sita. Ujana wake wote alibeba asali kwa baiskeli kutoka porini, hajui kusema amechoka.

Jumatano, 11 Juni. Kaliua.

Safari fupi leo. Mashamba ya tumbaku, mabani ya kuikaushia, ng'ombe barabarani. Baridi ya asubuhi ilikuwa ya kutetemesha.

Kaka alikuwa analowa jasho.

Kwenye mwinuko alishuka. Akashika kifua, akainamia usukani. Nilirudi kumfuata.

"Usimwambie Mwalimu."

"Kaka, huu siyo upepo."

"Eda, mwanangu hana nyumba, analala darasani na kichanga. Nyamaza."

Nikamshikia usukani apande. Mchana Mwalimu Tausi, kiongozi wetu, mwalimu wa michezo mstaafu, aliniuliza waziwazi kama kaka yangu ni mzima. Nikasema mzima, shikamoo Mwalimu, mzima kabisa. Hata shikamoo niliiweka mahali pasipo pake. Nimemdanganya mama wa watu machoni. Najichukia.

Alhamisi, 12 Juni. Bado Kaliua.

Nimemwambia.

Asubuhi Kaka alishindwa kufunga mzigo kwenye keria. Vidole havikamati mpira. Midomo imekuwa ya kijivu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, nikasema yote, na uongo wangu wa jana nikausema. Hakunigombeza. Alimwita Kaka, akamwambia aweke baiskeli kwenye gari.

Kaka alinitazama mimi, si yeye. Kisha akapanda baiskeli akaondoka. Hakufika hata kwenye kibanda cha chipsi kilicho hatua chache mbele. Alianguka kwa ubavu, gurudumu likaendelea kuzunguka.

Daktari wa hospitali ya hapa amesema ni moyo. Amesema angeendelea nusu siku nyingine tungekuwa tunaongea mengine. Gari la wagonjwa limempeleka Tabora, wifi yangu atampokea. Mwalimu amempigia yule mfadhili, akamweleza. Jibu: makubaliano ni makubaliano. Jina la Nyamizi limefutwa.

Kabla mlango wa gari la wagonjwa haujafungwa Kaka alinivuta mkono.

"Badilisha kadi yako. Mwandike Nyamizi."

Mlango ukafungwa.

Wenzangu walisema niende naye. Nikienda, hata Bibi Kalunde hapati. Nimebaki. Sijui kama ni ujasiri au nimeyakimbia macho yake.

Ijumaa, 13 Juni. Usinge.

Mchanga. Mbung'o. Mtandao hakuna.

Sijui kama yuko hai. Nimeendesha siku nzima na hilo.

Nina hasira naye pia. Amenitupia mzigo huu akiwa amelala.

Jumamosi, 14 Juni. Nguruka.

Mtandao umerudi tukiwa tunaingia. Ujumbe mmoja wa wifi, wa jana asubuhi: amewekewa oksijeni, haongei. Nimepiga mara sita. Simu yake imezimwa.

Nilimwambia Mwalimu alichoniomba Kaka. Alikuwa anakaza spoku za baiskeli ya mmoja wetu. Hakuinua kichwa.

"Kadi iko kwako, mama. Kesho nitakusanya majina, sitauliza yalivyoandikwa."

Bora angenikataza. Nimekaa nyuma ya gari na kalamu. Nyamizi nimemlea miaka mitatu, Kaka alipokuwa porini na asali. Nilimshonea sare ya shule. Huyu bibi ni mwandiko tu kwenye karatasi. Ningemfuta na asingejua kamwe kwamba aliwahi kuwemo.

Hilo ndilo limenishinda. Kwamba asingejua.

Sijaandika kitu. Lakini kalamu nimeiweka mfukoni, nisijidanganye kwamba nimeshaamua.

Jumapili, 15 Juni. Malagarasi.

Tumefika kumi na mmoja.

Watu wako shuleni, madarasa yamegawanywa kwa mashuka. Nyamizi alikuja mbio, mtoto mgongoni. Alinipita. Alikuwa anamtafuta baba yake nyuma yangu. Nilimshika nikamweleza, akaketi chini palepale kwenye vumbi.

Kisha Mwalimu akaita majina. Bibi Kalunde alisogea polepole, mfupi, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka shambani. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za njiani, za watoto. Kwa mpangilio, bila haraka, kama vile hakuna bati duniani.

Nilimpa kadi. Jina lake.

Nyamizi aliona. Alisikiliza mpaka jina la mwisho, la kwake likakosekana. Akainuka, akaingia darasani. Sikumfuata. Nilistahili kuachwa.

Jumanne, 17 Juni. Malagarasi.

Wenzangu wamerudi kwa treni jana. Mimi nimebaki. Tunakata nyasi za kuezekea nyumba yao mpya, mimi, Nyamizi na mumewe, huko juu ambako maji hayakufika. Nyasi zinakata viganja. Hatuongei sana. Kuhusu kadi, hata neno.

Mchana tulipanda kwenye tuta la reli kutafuta mtandao. Wifi akapokea. Kaka yuko hai, amekaa kitandani, amekunywa uji. Akapewa simu aongee na mwanawe. Sauti yake niliisikia kwa mbali, nyembamba. Nilisubiri zamu yangu. Simu ikakatwa.

Nyamizi alifuta kioo cha simu kwa kanga, taratibu.

"Ameuliza kama shangazi anakula."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia unakula."

Tulishuka. Zimebaki nyasi za upande mmoja wa paa.