Hatua Saba Kutoka kwa Betkin

Karibu na Daraja la Punda,
Bruges.
Siku ya tatu baada ya Kuwakumbuka Marehemu, 1394.

Mpendwa Kaka Jooris,

Naomba barua hii ikufikie ukiwa na nguvu, na ule mgongo wako unaolalamikia kitanda cha kufumia uwe umetulia. Wifi Aleit hajambo? Na Simoen ameshaota meno, au bado anawakesha? Mimi sijambo kiasi. Mama magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi, kwa hiyo amehamia jikoni na sasa anatawala vyungu vyote. Siruhusiwi hata kuonja mchuzi.

Kile kitambaa cheusi kilifika salama, asante sana. Nimeshona vazi, limekuwa pana. Mama amenikataza kulipunguza, anasema nitanenepa tena.

Kaka, nilipomtuma yule mfanyabiashara wa sufu akupe habari za msiba, nilimwambia aseme tu kwamba mume wangu Gillis amefariki. Sikumwambia aseme amezikwa wapi, na wewe hukuuliza. Gillis alizikwa nje ya ukuta wa makaburi, upande wa mfereji, wanakozikwa watu wasiojulikana wanaookotwa majini. Betkin wetu yuko ndani. Ni hatua saba tu kutoka kwa mtoto mpaka kwa baba yake, lakini ukuta ulikuwa katikati, na mimi nilipaswa kutokea langoni, kuzunguka nyuma ya kwa mtengeneza ngozi, na kupita kwenye matope ili nimfikie.

Tangu Kanisa lipate Mapapa wawili wanaokataana, ninyi huko London mna mmoja, wa Roma, na mnalala usingizi. Hapa mtawala wetu amesema Papa ni yule wa Avignon, basi mapadre wetu wote ni wa Avignon. Ghent, mwendo wa siku moja na nusu, Papa ni wa Roma. Unamjua Gillis. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa hilo. Pasaka ya mwaka jana alifunga viatu vyake akaenda Ghent kwa miguu kutubu na kupokea komunyo, akarudi na malengelenge na karatasi ndogo yenye lakiri, ule muhuri wa nta, kuthibitisha kwamba ametubu. Niliiweka kwenye sanduku pamoja na kofia ya Betkin.

Homa ilimshika siku chache kabla ya Sikukuu ya Mishumaa, karakana yake ya mishumaa ikiwa imejaa nta na kazi hazishikiki. Nilitaka kumwita Padre Wulfart. Gillis akanishika mkono, akasema, "Huyo hapana, Griete. Mtafute wa Ghent." Wa Ghent angefika lini? Siku ya pili jioni alikuwa ameshaondoka. Vidole vyake vilikuwa bado na nta kwenye kucha, sikuitoa.

Sasa sikiliza nililolifanya. Padre Wulfart hakuwa mkali mwanzoni. Alisema, "Mumeo sikumwona Pasaka. Niletee chochote cha kuonyesha kwamba alitubu, mahali popote, nami nitamzika." Mahali popote, Kaka! Nikakimbia nyumbani kama msichana, nikachukua ile karatasi ya Ghent, nikampa kwa fahari. Niliona lakiri ya kanisa nikadhani kanisa ni kanisa. Mstari wa kwanza kabisa ulihesabu mwaka kwa utawala wa Papa wa Roma. Akausoma, akanirudishia karatasi kwa ncha za vidole. Kama ningesema tu kwamba mume wangu alikuwa mgonjwa Pasaka, angekuwa ndani. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyomtoa nje.

Mwezi wa nne nikaenda Ghent kwa yule padre aliyeandika karatasi, nikitaka msaada. Akaniambia nimshukuru Mungu Gillis yuko nje, maana makaburi yetu yamenajisiwa na watu wa Avignon. Kwa huyu, mume wangu hafai kwa udongo; kwa yule, udongo haufai kwa mume wangu. Nililia njia nzima, si kwa huzuni, kwa hasira.

Septemba yule Papa wa Avignon akafa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Mtaa mzima ulisema sasa atabaki mmoja na mambo yatanyooka. Kabla mwezi haujaisha makardinali wake walikuwa wameshachagua mwingine. Wanaume wasomi, wenye kofia nyekundu, na hawakuweza kungoja hata nta ikauke.

Lakini ile dhoruba ya Septemba iliangusha ukuta wa makaburi upande wa mfereji. Mchimba makaburi wetu ni mzee Lamsin, ambaye Gillis alimwekea vipande vya mishumaa kila juma bila kumdai chochote. Alinikuta nimekaa kwenye mawe.

"Mama Griete," akasema, "kamba ya kuwaonyesha waashi ukuta upite wapi naifunga mimi. Padre anajua Kilatini, hajui kamba."

"Na akiona?"

"Ataona ukuta. Umeshawahi kumwona padre akipima ukuta? Wewe lete bia tu, waashi hawa wana koo kama bomba la mvua."

Nikaleta bia, na jibini, na mkate wa Mama. Jumatatu ukuta ukiwa umefika magotini, Padre Wulfart akapita.

"Ukuta huu umepinda," akasema.

"Ardhi ni laini, Padre," akajibu Lamsin. "Tumeikwepa."

"Mmeikwepa kwa kuelekea majini?"

Mwashi mmoja alicheka ndani ya mkono wa vazi lake. Padre akalitazama lile tuta la Gillis, ambalo sasa lilikuwa upande wa ndani, kisha akanitazama mimi na jagi langu. Mwishowe akasema, "Umalizeni kabla ya barafu," akaenda zake.

Sijui kama ni huruma au uchovu. Na usidhani nimetulia. Siku ya Marehemu alisoma majina ya parokia, akamsoma Betkin, akamruka Gillis. Hajapigiwa kengele. Mtu ambaye hata kwa mwokaji mikate hakuwahi kumtangulia mwenzake, ameingia makaburini kwake kwa ujanja wa kamba.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja: mwambie padre wako wa huko amtaje Gillis kwa jina katika misa, kwa sauti, watu wasikie. Habari ya ukuta usimwambie.

Nisalimie wifi Aleit na Simoen, na shangazi Zoetin mkionana. Mama anawabusu, na anauliza kama Waingereza wanajua kupika. Mungu awalinde nyote, mlale na kuamka salama.

Jana niliwasha mshumaa wa mwisho alioumimina Gillis. Niliuwasha kwa Betkin, nikaubeba hatua saba mpaka kwa baba yake, na haukuzimika.

Dada yako anayekupenda tangu tulipolala kitanda kimoja,
Mergriete