Kikwembe cha Papa Kikatwe Katikati

Mama wangu mupenzi,

Kabla sijasema la kwangu, nauliza lako. Goti la kushoto linakuacha ulale, ao bado linalalamika mvua ikikaribia? Sombe ya nyuma ya nyumba imeota? Na ule kuku mwekundu, anayejiona njo mukubwa wa kartie na mutaa wote, angali hai ao mulimukula Noeli? Miye ni muzima. Nimenona hata. Bibi akiniona atafikiri nimeoa binti wa tajiri.

Nawe Furaha, dada yangu, najua njo weye unamusomea Mama hii barua, tena umekalia kiti changu. Soma polepole, usiruke mistari, na fasi yenye nimekusema vibaya upaaze sauti zaidi. Nimeandika juu Mama anasema sauti ya telefone inapotea, lakini karatasi inalala ndani ya Biblia. Papa Etiene wa Kabimba, tunayesali naye huku Norveje, anakuja kuoza binti yake, njo atakayeileta mukononi. Na ni yeye atarudi na jibu lako, Mama. Kuna jambo ninaomba, na bila weye sitalifanya. Ila ngoja kwanza nijisifu kidogo. Nikianza na ombi utalia, na Furaha akisoma huku unalia ataharibu maneno.

Huku niko muntu mukubwa. Kwenye kiwanda cha samaki jina langu haliendi kulala: Jeremi hapa, Jeremi pale! (Furaha, usicheke. Ni kweli ninaosha makreti. Lakini hakuna anayeyaosha kama miye.) Samaki wao ni wakubwa kama mutoto anayejua kutembea, ila hawana utamu. Siku moja nilimukaanga mumoja kwa pilipili, nikafunga macho, nikajiambia huyu ni mugebuka wa ziwa letu, Mama ametoka kumugeuza sasa hivi. Nikatafuna. Mama, ulimi haudanganyiki.

Kanisa letu ni nyumba ndogo ya mbao, nyeupe, iko pembeni ya bahari. Tukijaa, tunajaza viti vya mbele tu. Wote ni wazee, miye peke yangu njo kijana. Kwa hiyo miye njo korale ya vijana, miye njo rais wa vijana, na miye njo vijana wenyewe. Mwaka jana nilijichagua tena bila mupinzani. Pasta anakuja na feri siku bahari ikikubali. Asipokuja anaongoza Papa Olavi, muzee muvuvi, mikono kama makasia, na maneno anayatoa moja moja kama muntu anayevuta ndoo toka kisima kirefu.

Jumapili ya kwanza nilifikiri wamefiwa. Hakuna ngoma, hakuna makofi, hakuna vigelegele. Wakati wa maombi wote wakanyamaza kabisa. Nikajua njo wananingojea miye! Nikasimama, nikaomba namna ya kwetu, nikafukuza pepo wote wa Norveje, nikakutaja weye, nikataja hata goti. Nilipofungua macho, Mama Ingrid, ule mupiga kinanda, alikuwa ameshika kifua. Papa Olavi akasema kitu, Papa Etiene akanitafsiria huku anaona haya: "Anasema Mungu si kiziwi."

Nikajibu, "Umuambie kwetu pia tunajua si kiziwi. Lakini kwetu ziwa linapiga kelele, lazima uzidi."

Muzee akacheka mpaka akapangusa macho. Mama Ingrid alisema hakuwa amemusikia akicheka tangu azike muke wake.

Toka siku ile Papa Olavi ananipitia kila Jumapili asubuhi. Tunaondoa theluji mulangoni, tunawasha jiko, tunapika kahawa ya wazee, na hatusemi kitu. Nimejifunza kunyamaza, Mama. Miye! Furaha aseme kama huo si muujiza. Mwanzo kimya kilinichoma kama siafu. Nilikuwa nawaza korale yetu, ngoma kubwa inavyotikisa bati la kanisa, na weye kwenye kiti cha tatu unaanza wimbo kabla kiongozi hajafungua kinywa. Kisha polepole nikaona ndani ya kile kimya kuna fasi ya kukaa.

Sasa sikiliza. Kwenye dari la kanisa kunaning'inia mashua ndogo ya mbao, imechongwa vizuri. Nikamuuliza Papa Olavi, kwa lugha yao niliyookota kiwandani, "Mutoto gani alisahau kitu chake cha kuchezea nyumbani mwa Mungu?" Safari hii hakucheka. Akasema ni ya wale waliotoka na hawakurudi. Kaka yake mukubwa ni mumoja wao. Kila Jumapili, kabla ya kwenda nyumbani, wanaiangalia na kuwaombea walio majini.

"Na wako wapi?" nikauliza.

"Hatujui," akasema. "Kwa hiyo tuliwapa fasi hapa."

Nilitoka nje. Nikawaambia moshi wa jiko umeniingia machoni.

Weye unajua kwa nini, Mama. Papa aliyetuzaa aliondoka Zongwe kwa boti yake na mizigo ya samaki wa ndakala, na ziwa halikuturudishia hata kasia. Hatuna kaburi la kupalilia. Tangu mwaka ule hujakanyaga ufuko. Samaki tulikununulia sisi, weye ukabaki barabarani na beseni.

Unakumbuka siku ya ubatizo, pale Lukuga, fasi ziwa linageuka kuwa muto? Wenzangu wamevaa nyeupe, korale inawaka, na kila mama amesimama, maji magotini, kikwembe cha kujifunga wazi mikononi, anamungojea mutoto wake, juu kwetu hakuna anayetoka majini bila mama yake kumufunika. Nami niko kwenye musitari, karibu nifikiwe. Nikageuka kukutafuta. Ulikuwa kule juu barabarani. Kile kikwembe cha buluu alichokuletea Papa toka Kigoma umekikunja kwapani. Unapiga hatua moja, unarudi. Miguu yako ilikataa. Watu walikuwa wameanza kukugeukia.

Njo nikapaaza sauti, "Maji ni baridi!" nikakimbia. Wote wakacheka, hata pasta mwenye maji mpaka kiunoni. Kartie yote ikaniita Maji-Baridi mpaka siku naondoka. Sikuchukia. Heri wanicheke miye kuliko wakuangalie weye.

Na siku naondoka uliniambia, "Utabatizwa siku utarudi." Nikasema ndiyo. Lakini makaratasi ya kurudi, hakuna anayejua yatatoka lini.

Mama, nilichonga boti ya Papa kwa kisu cha Papa Olavi. Ni nzuri kupita ile yao. (Sawa, Furaha, imeinama upande mumoja. Hata ya Papa iliinama upande mumoja.) Muzee alipanda ngazi yeye mwenyewe, akaining'iniza karibu na yao. Jumapili ile walipowaombea walio majini, nami nikafungua kinywa, bila kupiga kelele, nikasema jina la Papa. Hawamujui. Hawajui Zongwe ni upande gani wa dunia. Wakasema wote pamoja, Amina. Ndani yangu kitu kikakaa chini. Kilikuwa kimesimama muda murefu.

Toka hapo nasali kweli, siyo kwa kujionyesha. Hata kiwandani, nikiosha makreti, nasali. Na nataka kubatizwa. Huku wanabatiza baharini, kiangazi, theluji ikiisha. Lakini hata kiangazi, Mama, yale maji! Niliingiza kidole kimoja, nikaliomba ziwa letu musamaha kwa kulichafulia jina eti ni baridi.

Papa Olavi alipenda sana nilipomueleza desturi yetu. Akauliza, "Nani atakupokea?" Mama Ingrid akadakia kwamba ana taulo nzuri, nene.

Nikamuambia, "Mama, taulo ni ya kuogea."

Nikaona nimemuumiza. Lakini akasema, "Basi agiza hiyo nguo kwenu. Mikono nitakuazima."

Njo hili ombi, Mama. Fungua sanduku, utoe kikwembe cha Papa, ukikate katikati. Najua. Najua ni kitu cha mwisho alichokupa, na hata panya akipita karibu unaamka. Nusu umupe Papa Etiene. Nusu ubaki nayo. Siku yangu ikifika, nitamupigia Furaha, atakuambia saa, na weye ushuke Lukuga. Miguu ikikataa kuingia, simama tu fasi muchanga unaanza kulowa, ukifungue. Mama Ingrid atafungua cha huku. Miye nitatokea katikati yenu.

Usijisumbue kutafuta maneno ya jibu. Nikiona kile kipande, nitajua umeniachilia. Papa Etiene akirudi mikono mitupu, nitajua ningoje, nami nitangoja, nitaendelea kuondoa theluji na wazee wangu, na sitakupenda pungufu.

Unisalimie Bibi kule Kabimba, aliyemuzaa Papa. Umuambie mwanawe sasa ana fasi kanisani. Yaya Meshaki, kaka yetu mukubwa, kule Kabalo anakopakia mabehewa, aambiwe nimemupita urefu, asinibishie. Mama kiongozi wa korale apunguze ukali, miye siko tena pale wa kugombezwa. Na pasta umuambie Maji-Baridi anamusalimia, anatumaini alishakauka.

Nakuinamia unishike kichwa, kama siku ile ya kuondoka.

Miye, mutoto wako wa pili kuzaliwa na wa kwanza kwa uzuri,
Jeremi

Furaha, hili ni lako, lakini lisome kwa sauti. Mukasi uko ndani ya mukebe wa biskuti, chini ya nyuzi. Shika kikwembe upande mumoja, ukivute kinyooke. Usimusaidie kukata. Mwache Mama akate mwenyewe.